TANGI LA SAMAKI LIKIVUJA, USIKIMBILIE SABUNI!

MPENZI msomaji, gheto la kijana wa mjini lina mambo yake. Redio kubwa ipo, godoro lipo, pazia la kuficha kitanda lipo. Siku hizi wengine wameongeza kitu kingine: tangi dogo la vioo lenye samaki wa rangi, wanaogelea taratibu kama hawadaiwi na mtu. Mgeni akiingia, hasa mgeni wa kike, jicho la kwanza linakwenda pale. Na swali la kwanza ni lile lile: "Hawa unawala?"

Raha yote hiyo ni tamu mpaka siku unaamka, unashusha mguu kutoka kitandani, na soksi inaloa chapachapa. Hapo ndipo kasheshe linapoanza!

Leo nataka tuongee kuhusu tangi la samaki linalovuja. Usicheke. Huenda kwingine ni jambo dogo, lakini sisi tupo Tunduma, mji wa mpakani ambao shida ya maji ni wimbo wa miaka mingi. Maji hapa ni mali. Wengi wetu tunayanunua kwa ndoo na madumu, yanakuja yakisukumwa kwenye mkokoteni, na kiangazi kikikaza muuzaji ndiye anayepanga bei.

Sasa piga hesabu. Matone 20 hivi ya maji ni kama mililita moja. Tangi likidondosha tone moja kila sekunde, kwa siku nzima umepoteza lita 4 na ushee. Kwa siku 5 ndoo nzima ya lita 20 imekwenda sakafuni! Na hiyo ni tone tu, hatujazungumzia lile tangi linalolia kama mtoto mchanga.

Ila nakwambia mapema, nimeona matangi mengi yakivuja, yangu likiwamo, na nimegundua kitu kimoja. Mvujo mara nyingi hauui samaki. Kinachoua samaki ni haraka ya mwenye tangi!

UMEME KWANZA, MENGINE BAADAYE

Ukikuta maji chini, usishike tangi, usishike pampu, wala usianze kupiga deki. Angalia kwanza nyaya zinapita wapi. Magheto mengi yana soketi moja tu, halafu kuna kebo ya ekstensheni imelala sakafuni, imebeba redio, chaja ya simu, pasi na pampu ya samaki. Maji na ekstensheni wakikutana, hadithi itakuwa nyingine kabisa.

Kama ekstensheni imeloa au imezungukwa na maji, usiiguse. Zima umeme kwenye swichi kuu, ndipo uchomoe. Na kuanzia leo itundike ukutani, isilale chini. Waya wa pampu nao uache uning'inie chini kidogo ya soketi kabla ya kupanda juu kuingia. Maji yakiteleza kwenye waya yatadondokea pale chini, hayatapanda kwenye soketi. Ujanja huo hauna gharama hata senti.

JE, LINAVUJA KWELI?

Kuna mshikaji wangu mmoja wa Mpemba alikuja kwangu mbio, ametoka jasho. Tangi lake lilikuwa limepoteza maji mpaka nusu usiku mmoja, sakafu imekuwa bwawa. Alishaamua kulitupa. Nikamwuliza swali moja tu: "Jana usiku umeme ulikatika?"

Akanishangaa kama mganga. Ulikatika!

Jamani, hii ndiyo siri inayowatesa wengi. Pampu ya hewa ikikaa chini, kwenye sakafu au stuli fupi, umeme ukikatika ule mpira mwembamba wa hewa unageuka kuwa mrija. Maji yanapanda kwenye mpira, yanashuka upande wa pili, yanatokea kwenye pampu mpaka chini. Tangi ni zima, gundi ni nzima, kumbe mpira ndio unaomwaga maji! Dawa yake ni kuiweka pampu juu kuliko usawa wa maji, mathalani kwenye rafu, au kuweka kwenye mpira ile valvu ndogo inayoruhusu hewa kwenda upande mmoja tu. Mshikaji akapandisha pampu yake juu ya kabati na tangi lake halijatupwa hadi leo.

Kuna vivujo vingine vya uongo. Ukijaza maji ya baridi kutoka kisimani, kioo kinatoa jasho kwa nje kama chupa ya soda iliyotoka kwenye friji. Mapovu ya pampu yakiwa makali yanarusha vitone ukingoni, vinateremka nje kidogo kidogo. Na kwenye kiangazi chetu cha upepo, tangi lisilo na mfuniko hupungua maji kila siku kwa kukauka tu. Likipungua huku chini ni pakavu kabisa, hakuna mvujo hapo. Weka mfuniko, basi.

USHAURI WA UWANJA MZIMA

Langu lilikuwa mvujo wa kweli. Ni tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30, nililinunua likiwa limetumika na lilikuwa limenitumikia miaka 3. Gundi ya pembe ya nyuma ilichoka. Ilikuwa mwezi wa Julai, baridi ya Tunduma inakata masikio, maji yamepita chini ya mlango mpaka ukumbini.

Wa kwanza kufika alikuwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Mwanangu, mimi nilikupangisha chumba. Ziwa sikukupangishia."

Nikamwomba radhi, nikamweleza. Akatazama samaki wangu 3, akatazama sakafu yake. "Nakupa mpaka Jumapili ya wiki ijayo. Maji yakitoka tena ukumbini, utachagua mwenyewe, samaki au chumba."

Hapo kulikuwa na siku 9. Mtoto wa jirani, ambaye kila jioni huja kuwalisha, akanivuta shati: "Anko, watakufa?" Nikamwambia hawafi. Nilikuwa nimeshaahidi, ikabidi iwe kweli.

Wa tatu alikuwa jirani yangu dereva wa malori, mtu mwenye roho nzuri sana. "Mdogo wangu, hilo jambo dogo. Chukua sabuni ya mche, ikande na maji kidogo, bandika. Dakika 5 kwisha!"

Msomaji, Tunduma ni mji wa malori. Barabara ya kwenda Zambia inapita katikati yetu, na mpakani foleni ya magari kuelekea Nakonde ni jambo la kawaida. Kila dereva hapa anajua kwamba tangi la dizeli likitoboka njiani unaziba kwa sabuni ya mche na unafika. Ni kweli kabisa. Sabuni haiyeyuki kwenye dizeli.

Lakini kwenye maji inayeyuka! Na samaki anapumua kwa mashavu yake, yale makoo mekundu yenye ngozi laini kama karatasi. Sabuni ikiingia pale inaharibu ile ngozi, samaki anakosa hewa akiwa ndani ya maji. Utaziba tundu kwa saa moja, utazika samaki jioni. Nikamwambia, "Kaka, asante sana, ila hawa hawatumii dizeli." Akacheka mpaka akakaa chini.

Yapo mengine ya namna hiyo: jojo, nta ya mshumaa, lami, gundi ya viatu. Achana nayo yote. Mengine hayashiki kwenye kioo kilicholoa, mengine ni sumu.

OKOA SAMAKI, OKOA NA MAJI YAO

Tafuta beseni pana ambalo halijawahi kuguswa na sabuni wala omo. Nasema beseni kwa sababu samaki hupata hewa kutoka usoni pa maji, na beseni lina uso mpana kuliko dumu au ndoo nyembamba. Chota maji ya tangi lenyewe, jaza beseni, ndipo uhamishe samaki. Usiwatie kwenye maji mapya ya baridi ghafla. Funika kwa kipande cha chandarua, maana samaki wanaruka, na paka wa jirani naye hana dini.

Yale maji yanayobaki usiyamwage. Jaza kwenye ndoo safi, utayahitaji. Na ile sponji ya kuchujia uchafu iache ndani ya maji hayo hayo na pampu ikiendelea kupuliza. Sababu yake ni kwamba samaki wanatoa amonia, ambayo ni sumu kwao. Ndani ya sponji wanaishi bakteria wanaoigeuza amonia kuwa nitriti, halafu nitrati isiyo na madhara makubwa. Ukiifua sponji kwa maji ya bomba yenye klorini au ukiianika juani, umewaua wale wafanyakazi wote. Tangi litapona, samaki watakufa wiki inayofuata, na hutajua kwa nini.

Wakiwa beseni, wape chakula kidogo mno, hata siku moja wafunge. Badilisha kama theluthi ya maji kila siku. Maji ya bomba yaache kwanza kwenye ndoo wazi usiku kucha ili klorini itoke.

KUMKAMATA MWIZI

Sasa tafuta pa kuvujia. Ondoa samaki, mawe na mchanga. Kausha tangi kwa nje kwa kitambaa, kila pembe, mpaka liwe kavu kabisa. Tandika magazeti makavu chini (hata hili, ukishalisoma!). Halafu subiri. Gazeti litakalolowa kwanza ndilo shahidi wako.

Njia nyingine ni kuchora mstari kwa kalamu mahali maji yalipofika, kisha uache yavuje yenyewe. Yakisimama, yasishuke tena, tundu liko hapo hapo kwenye usawa wa maji. Zungusha kidole kwenye pembe kwa usawa huo, utalipata.

Kwangu yalisimama sentimita 4 tu kutoka chini. Na hapo nikapata somo jingine. Msukumo wa maji unategemea kina, na chini ndipo unapokuwa mkubwa. Ukipunguza maji mpaka nusu, msukumo kwenye kioo cha ubavuni haupungui nusu, unabaki robo. Kwa hiyo kama mvujo uko juu na huna pesa ya gundi wiki hii, shusha maji chini ya tundu, samaki wakae humo, ujipange.

Ila kama si pembe inayovuja, kioo chenyewe kimepasuka, usidanganyike na kupaka gundi juu ya ufa. Mpelekee fundi vioo akate kioo kingine cha unene ule ule. Kama ni kioo cha chini na tangi ni kuukuu, linganisha gharama. Huenda tangi jipya likawa nafuu, na la zamani likakufaa kulelea vifaranga.

KAZI YA GUNDI

Huko nyuma matangi hayakuwa na raha hii. Bustani ya wanyama ya London ilipofungua nyumba ya kuonyeshea samaki mwaka 1853, ya kwanza kwa watu wote kuingia, teknolojia ilikuwa changa. Kwa miaka mingi matangi yalikuwa na fremu za chuma, vioo vinashikwa kwa puti, na vinavuja kila puti ikikauka. Silikoni ndiyo iliyomaliza vita, ikaenea miaka ya 1960 na 1970. Ndiyo maana leo unaona vioo 5 vimesimama bila chuma.

Silikoni inauzwa kwenye maduka ya vifaa vya ujenzi. Ila soma maandishi! Chukua ile ya silikoni tupu. Kama imeandikwa kuwa inazuia ukungu, ile ya bafuni na jikoni, iache dukani. Ina dawa ya kuua ukungu, na dawa hiyo inaua na samaki. Ile inayofaa, ukiifungua inanuka siki. Harufu ikiisha, sumu hakuna.

Kisha fuata hatua hizi. Tangi liwe tupu na kavu. Kwa wembe, kwangua gundi yote ya ndani ya pembe, si ile ya mahali panapovuja tu. Wengi wanachokosea ni kupaka mpya juu ya ya zamani, na silikoni mpya haishiki vizuri kwenye silikoni kuukuu. Lakini usiuzamishe wembe katikati ya vioo viwili, pale gundi ndiyo inayoshikilia tangi lisimame.

Ukishakwangua, futa kwa kitambaa chenye spiriti, acha pakauke. Bandika selotepu ya karatasi pande zote mbili za pembe ili mstari utoke umenyooka. Paka silikoni kwa mkupuo mmoja bila kusimamasimama, ipitie kidole kilicholowa iingie kwenye pembe, bandua selotepu hapo hapo kabla haijakauka. Fungua madirisha, ile harufu inakaba.

Halafu subira, wapendwa! Vijana wengi wanaharibu hapa. Silikoni hukauka kwa kuchukua unyevu ulio hewani, na baridi huichelewesha. Sasa mwezi Julai Tunduma hewa ni kavu na ni baridi, vyote viwili! Unayeambiwa "masaa 24 tosha" umeambiwa na mtu wa pwani. Mimi niliipa siku 6.

Siku ya saba nikalitoa nje uani, nikalitandikia magazeti, nikajaza maji mpaka juu, nikaliacha usiku na mchana. Maji ya majaribio yakafulia nguo, hakuna kilichopotea. Siku ya nane magazeti yalikuwa makavu. Mama mwenye nyumba alipita, akainama, akayagusa kwa kidole, akaenda zake bila kusema neno. Nikajua kodi yangu imepona. Jioni samaki 3 walirudi nyumbani, na yule mtoto akawahesabu mara mbili kuhakikisha.

Kumbuka pia pa kuliweka. Tangi kama langu likijaa mpaka mdomoni lina lita 54, yaani kilo 54 za maji peke yake. Huo ni uzito unaozidi mfuko wa saruji! Meza iwe imara na sawasawa, ikiyumba upande mmoja pembe zinavutwa na gundi inaachia. Chini yake weka karatasi laini ya povu, na usilisogeze likiwa na maji hata siku moja.

USIWATUPE MTONI

Wapo wanaochoka. Tangi limevuja, hamu imekwisha, wanabeba samaki wakawamwage mtoni, eti wamewapa uhuru. Tafadhali, hapana.

Mkoa wetu wa Songwe maji yake yanakwenda mbali. Mto Momba unaingia Ziwa Rukwa, ambalo lina perege wake wa asili, Oreochromis rukwaensis. Mto Songwe wa mpakani na Malawi unaingia Ziwa Nyasa, lenye aina nyingi za samaki kuliko ziwa lolote duniani. Wale mbuna wadogo wa bluu na njano wanaotoka Nyasa wanapambwa kwenye sebule za Ulaya na Marekani. Hata samaki wa Ziwa Tanganyika wana jina. Pierre Brichard aliyekuwa akiwasafirisha nje kutoka Burundi alipewa heshima mwaka 1974, aina moja ikaitwa brichardi. Wenzetu wanalipia ndege kupata samaki wa kwetu!

Na tumeshaona mgeni akiharibu. Sangara alipandikizwa Ziwa Victoria miaka ya 1950 na 1960 kwa ajili ya uvuvi, na baadaye aina nyingi za furu zikatoweka. Samaki wako wa dhahabu asili yake China. Si sangara, lakini anaweza kubeba magonjwa na kula mayai ya wenyeji. Ukichoka naye, mpe rafiki, mpe shule, mpe mtoto wa jirani.

Haya, mpenzi msomaji, tangi likivuja kumbuka mpangilio: umeme, samaki, tundu, gundi, subira. Ukiruka moja, unarudi mwanzo. Na yale maji ya zamani ya tangi usiyatupe, mwagia mchicha. Yana mbolea, na hapa kwetu tone la maji haliachwi lipotee bure.

Wiki ijayo panapo majaliwa tukutane tena hapa hapa. Kwa sasa, hebu chungulia pampu yako iko juu au chini!